Figo ya Mtani

Gaudensi Nyoni aliruka ndani ya kaburi la mzee Kihwele jeneza likiwa bado limekaa juu ya mbao, akalala chali kwenye udongo mwekundu, panga kifuani, akasema hatoki.

Waombolezaji wakashusha pumzi. Walikuwa wamemsubiri tangu asubuhi, na baadhi yao walishaanza kunong'ona kwamba Wangoni siku hizi wamekuwa waungwana mno. Msiba wa Mhehe bila Mngoni wa kuuvuruga ni msiba mkavu. Babu zao walichinjana mpaka wakachoka, kisha wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo watatukanana tu, watazikana, na alitendalo mtani penye kaburi halitalipiwa kisasi. Vilima vya Mufindi vimebadilika sana baada ya hapo. Chai inachumwa na vyuma, magari yanajiendesha, wagonjwa wa mashambani wanapasuliwa na mikono isiyo na mwenyewe. Utani haukubadilika hata kidogo.

Rozina Kihwele, binti wa marehemu, alichungulia kaburini akiwa ameshika kuku wa kumkomboa baba yake. Aliona kwamba Gaudensi amevimba. Kope zake zilikuwa zimejaa maji na vifundo vya miguu vilifura hata viatu vilishindwa kufungwa kamba. Rozina akajisemea moyoni kuwa ni pombe hiyo, Mngoni na pombe ni chanda na pete, kama ilivyompasa mtani kujisemea.

"Chukua kuku, mtani, utoke," alimwambia. "Baba anataka kulala."

"Sitaki kuku. Leo nataka figo yangu."

Watu wote makaburini wakacheka, na Rozina akacheka kuwashinda wote. Huo ulikuwa mzaha wao wa miaka ishirini. Tangu Gaudensi alipompa figo yake moja, haikupita harusi wala kipaimara bila yeye kumgusa Rozina kinenani, pale figo ilipolazwa chini ya ngozi, na kuiuliza hali. Unakula vizuri? Mhehe hajakulisha mbwa? Rozina naye humjibu kwamba figo haijambo, ila usiku hulia ikitaka panya, ndivyo ilivyolelewa kwao. Tena kwenye harusi ya mwisho alijigamba mbele ya watu kwamba madaktari wameipima wakaikuta changa, figo ya kijana wa miaka ishirini. Gaudensi siku hiyo hakujibu kitu. Rozina alidhani amemshinda kwa maneno.

Fidelisi, mdogo wake Rozina, baba wa watoto watatu na mchekeshaji wa ukoo, akavua koti akashuka kaburini kumtoa mtani kwa nguvu. Hiyo nayo ni desturi. Mfiwa mmoja hushuka, wakavutana, wakachafuka udongo, watu wakafuta machozi ya kicheko. Fidelisi alimkamata Gaudensi mguu.

Panga likapanda, likashuka kati ya shingo na bega.

Kwa muda watu waliendelea kucheka, maana Fidelisi alianguka vizuri, na kila mtu alijua anavyopenda kuigiza. Kisha damu ikaruka ikapiga mbao za jeneza. Upande mmoja wa kaburi kicheko kikakatika. Upande wa pili, ambako damu haikuonekana, wakaendelea kucheka na kumwambia Fidelisi asijifanye. Yustina, mke wake, alikuwa upande huo. Alicheka mpaka alipoona nyuso za waliomkabili.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, Waswahili walisema, lakini nani huwaza usaha katikati ya mzaha? Rozina alisimama palepale na kuku wake. Hata Gaudensi alipopanda juu ya jeneza la mzee Kihwele ili afike ukingoni, hata alipomkamata nywele, bado kipande cha akili yake kilikuwa kikingoja amalizie utani. Alimpiga kwa ubapa wa panga shavuni, jino likaruka. Mzee mmoja wa ukoo alimshika mkono kumzuia, naye akaukata mkono huo pale kwenye kiwiko. Ndipo watu wakatawanyika wakipiga mayowe, na kupitia katikati yao likaja gari jeupe la upasuaji la mashamba ya chai, mlango wa nyuma umefunguliwa, na ndani amesimama Ladislausi, mdogo wake Gaudensi, akilia.

*

Gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya vibarua wanaonaswa na vyuma vya kuchumia. Lina kitanda cha mikanda, mikono sita inayoning'inia darini, na sauti ya mama mpole wa pwani. Ladislausi alikuwa mhudumu wake, ndiyo maana aliweza kulitorosha. Alimfunga Rozina mikanda akimwomba radhi kwa kila mkanda, mpaka kaka yake akamwambia anyamaze.

Gari likashika njia ya msituni. Rozina alimeza damu yake akauliza kuna nini, kama ni wazimu au ni deni la ukoo asilolijua. Gaudensi akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alipumua kwa shida, pumzi yake ikinuka mkojo. Alimweleza bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Rozina zaidi.

Figo iliyobaki kwake ilikufa, presha iliimaliza. Alikwenda kuoshwa damu na mashine mpaka mishipa ya mikono ikaziba, kisha ya mapaja. Ladislausi akajitolea figo yake, na Gaudensi akachomwa sindano ya uenyeji kama Rozina alivyochomwa zamani. Mwili wake ukaikataa. Iko miili isiyofundishika, wachache katika kila umati, na yeye ni mmoja wao. Figo ya mdogo wake ilioza ndani yake angali hai, wakaitoa kwa vijiko.

Rozina alijua maana yake, kwa sababu maneno hayo ya uenyeji yalipitia kinywani mwake kabla ya vinywa vya wengi. Siku ile ya zamani daktari aliwaweka wote wawili mbele yake akawaeleza njia mbili. Ya kwanza vidonge, asubuhi na jioni, maisha yote. Vidonge huwafunga mikono askari wa mwili ili wasimshambulie mgeni. Lakini askari aliyefungwa mikono hamzuii mwizi pia, na watu wa vidonge waliishi na vikohozi, sukari, uvimbe wa ngozi wa kukatwa kila mwaka, na mwishowe vidonge vilevile viliikausha figo viliyokuja kuilinda. Njia ya pili ilikuwa mpya. Sindano ya uenyeji haiwagusi askari. Huifundisha figo lugha ya nyumba, chembe kwa chembe, mpaka askari waione ni mwenzao. Daktari alikiri kwamba mwisho wa njia hiyo haujui, kwa sababu hakuna aliyekwisha kuufikia.

Gaudensi ndiye aliyejibu. "Mpe hiyo ya moja kwa moja, daktari. Kitu kilichotumiwa na Mhehe mimi sikirudii." Wakacheka, daktari naye akacheka, akaandika.

Na sindano ikamkubali Rozina. Aliwazika wenzake wa wodini waliokuwa kwenye vidonge, mmoja baada ya mwingine, yeye akinenepa. Ndipo madaktari wakampeleka Dodoma mbele ya kamati ya serikali, akasimama na gauni lake la maua akawaambia wakubwa kwamba vidonge ni sumu, wafunge mitambo ya kuvitengeneza, fedha zote ziende kwenye sindano. Alisema kwa uchungu wa kweli. Wakamsikiliza, wakafunga. Kwa hiyo kidonge kimoja ambacho kingeibakiza figo ya Ladislausi tumboni mwa Gaudensi hakikuwepo tena dukani, hospitalini, wala nchi za jirani, ambazo zilikuwa zikinunua hapa.

"Ungesema wabakize hata chumba kimoja," Gaudensi alimwambia. "Chumba kimoja cha kuchanganyia dawa, kwa ajili ya sisi mabaki. Ungekosa nini?"

Kule Dodoma Rozina hakuwawaza watu ambao sindano ingewakataa. Aliwawaza maiti wake tu.

"Basi nikakumbuka yangu," Gaudensi aliendelea. "Mwili haukatai mali yake. Haihitaji sindano, haihitaji kidonge. Wewe mwenyewe umenieleza ilivyo changa."

"Na mimi?"

"Wewe umekaa nayo miaka ishirini, mtani. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Wewe hata jembe hukushika."

Alimwambia mdogo wake aanze.

Mkono mmoja ukashuka kutoka darini, ukapasua gauni la msiba, ukamchoma Rozina kinenani sindano nene ya kuchota nyama. Hakuna ganzi iliyowekwa, kwa sababu Ladislausi alisahau. Rozina alipiga ukelele uliokwaruza koo. Sindano ya pili ikachota nyama ya Gaudensi, naye hakupepesa jicho. Gari likafikiri.

"Samahani," sauti ya yule mama wa pwani ilisema. "Sampuli haziwiani."

Ladislausi akarudia kipimo. Rozina akapiga ukelele tena.

"Samahani. Figo iliyopimwa ni ya Rozina Kihwele, chembe zote. Hakuna chembe ya mtu mwingine."

Hapo ndipo mwisho wa njia ile, ambao daktari hakuujua, ulipojulikana, ndani ya gari la wizi, na watu watatu walioharibika. Figo haikujifunza lugha tu. Ilikuwa imekufa kidogo kidogo na kuzaliwa upya kwa mbegu ya mwenye nyumba, kama boma linalobadilishwa tofali moja moja mpaka la mjenzi wa kwanza lisibaki. Madaktari waliosifu uchanga wake walikuwa wakisifu kitu alichokiotesha Rozina mwenyewe. Gaudensi alikuja kudai mali iliyokwisha kitambo.

Alisimama. Alilipiga gari kwa panga, akaukata mkono uliokuwa karibu, ukaanguka ukitapatapa sakafuni. Akasema itatoka tu, iwe yake, iwe ya nani, ataipandikiza. Ladislausi akamkumbusha kwamba itaoza kama ile nyingine.

"Basi ikaoze," alisema Gaudensi. "Nitakufa nayo, na huyu atakufa bila."

Aliweka panga kinenani pa Rozina, akakata. Ngozi ilifunguka, Rozina akaona mafuta yake mwenyewe ya njano, na damu ikafuata. Alimtazama Gaudensi usoni, akaona kwamba analia, na kwamba mkono wake haujaamua. Alikuwa mtu mwema yule. Rozina alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani, na alimchukia kwa kuwa hangeweza kulisahau hata sasa.

Ladislausi akamshika kaka yake kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili. "Kaka, yangu nilishaitoa, nikaiona ikitupwa. Sitaki kuiona nyingine."

Walikuwa wamesimama hivyo, wote watatu wameshikana, jiwe la kwanza lilipopiga kioo.

*

Wahehe walikuwa wamekata njia kupitia mashamba. Waliangusha mti mbele ya gari, na gari, kwa adabu yake, likasimama na kuwasha taa za tahadhari. Walivunja mlango kwa majembe yaleyale waliyokuja nayo kumfukia mzee Kihwele. Wakamburuta Gaudensi kwa miguu, kichwa kikigonga kila ngazi. Mmoja akampiga mgongoni, mwingine akamkanyaga mkono wa panga mpaka vidole vikaachia.

Kisha wakasita. Hasira haikuwa imepungua, ila walikuwa watu wa desturi, na jambo lile lilitendeka penye kaburi, tena na mtani. Wakatazamana, kila mmoja akitaka mwenzake aanze.

Yustina, mjane wa Fidelisi, ndiye aliyepita mbele na jembe lake. Upande wa mbele wa khanga yake ulikuwa umeganda damu ya mumewe. Rozina alikuwa ameketi mlangoni mwa gari, amejibana tumbo kwa kipande cha gauni.

"Wifi," Yustina alisema, "wewe ndiye mwenye mtani. Tuambie. Ulikuwa utani, au haukuwa utani?"

Neno moja lilitosha. Akisema ulikuwa utani, hakuna Mhehe atakayemgusa Gaudensi, kifo cha Fidelisi kitahesabiwa kama radi imepiga, na Yustina atarudi nyumbani kulea watoto wake akiwa na kinyongo kisicho na pa kwenda. Akisema haukuwa, basi.

Gaudensi alikuwa amepiga magoti. Uso wake uliovimba ulipasuka juu ya jicho. "Mtani," alisema kwa sauti ndogo. "Waambie."

Rozina alikumbuka mengi kwa mkupuo. Alimkumbuka akiwa kijana, anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kwenda kukatwa kwa ajili yake, anaimba matusi ya Wahehe mpaka dawa ya usingizi ikamkatiza. Akamkumbuka Fidelisi akivua koti lake ukingoni mwa kaburi, jinsi alivyolikunja vizuri ili lisichafuke. Na chini ya hayo yote kulikuwa na wazo jingine, dogo, lililompa nafuu, naye akaona aibu kwa nafuu hiyo: kwamba gari limesema hakuna hata chembe.

"Hana chake kwangu," alisema Rozina.

Yustina alipiga wa kwanza. Hakuwa na ujuzi, pigo lilimkata Gaudensi sikio na taya, naye akabaki hai kusubiri la pili. Wengine wakaingia. Ilichukua muda mrefu kuliko Rozina alivyofikiri inaweza kuchukua, na hakugeuza uso. Walipommaliza wakamgeukia Ladislausi, aliyekuwa amejikunyata chini ya kitanda. Rozina akajilaza juu yake, damu yake ikimchuruzikia mgongoni, akawaambia huyu ndiye aliyeuzuia mkono wa panga, huyu hamumgusi. Walimvuta wakashindwa kumwachisha, mwishowe wakaenda zao kumalizia kaburi la asubuhi, ambalo sasa lilihitaji jingine kando yake.

*

Gaudensi alizikwa kwao, upande wa Songea, kwenye ardhi ya mchanga. Rozina alikwenda. Yustina alimwambia akienda asirudi kwake, na Rozina akamwelewa. Jeraha lilikuwa limeshonwa vibaya, akatembea ameinama, na Wangoni walipomwona anapanda kilima wakafungua njia bila kumsalimu. Hakuna aliyemrushia jiwe. Wahehe walikuwa wamemuua mtu wao, hilo walilijua, lakini maiti ilikuwa imelala pale na haiwezi kushuka bila mtani. Hawakuwa na mwingine.

Ladislausi alisimama kichwani pa kaburi. Alimuuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, amekuja kama nani, maana yeye alikuwa chini ya kitanda na masikio yake yalisikia vizuri.

"Nilisema yeye hana chake kwangu," Rozina alijibu. "Sikusema mimi sina chake."

Akavua viatu. Akashuka kaburini kwa shida, akijishikilia mizizi, akalala chali mchangani pale ambapo jeneza lingekaa. Mbingu ilikuwa kipande cheupe juu yake, kimezungukwa na nyuso. Aliweka mkono kinenani. Pale chini ya bandeji figo ilikuwa ikifanya kazi yake, nzima na changa kama walivyoisema.

"Sogea, mtani," alisema. "Nimekuletea."

Wangoni wakacheka. Kicheko kilianza kwa wanawake wazee, kikiwa cha machozi nusu, kikaenea mpaka nyuma kwa wale wasioona kitu. Alikuwa amesema sawasawa kama mtani anavyotakiwa kusema. Mama mmoja akaja na kuku, akamning'iniza kwa miguu juu ya kaburi, akamwambia Mhehe achukue atoke, mwenye kitanda anasubiri.

Rozina hakunyanyua mkono. Mama akamtikisa kuku, wakacheka tena. Wakaongeza debe la ulezi, wakamtukana kwamba huyu amezoea kulala pa bei rahisi. Rozina alikuwa amefumba macho. Bandeji ilikuwa inalowa, doa linapanuka polepole hadi kwenye mchanga, naye hakuligusa.

Ladislausi ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akiwa garini kule Mufindi alikwisha kukiona kicheko cha namna hiyo kikiendelea upande mmoja wa kaburi. Aliweka chini sepetu, akashuka, akachuchumaa kando yake, na watu juu wakashangilia wakidhani sasa watavutana.

"Toka, mtani," alimwambia taratibu. "Mmoja ametosha."

"Nitoke niende wapi?"

Mkono wa Ladislausi ulikwenda wenyewe ubavuni, pale ilipokuwa figo yake.

"Dodoma," alisema. "Ulikosemea. Kaombe kile chumba kimoja."

Rozina akafumbua macho. Juu yao wale wasioona walikuwa bado wakicheka, na kuku analia. Ladislausi akamwingizia mikono chini ya makwapa akamnyanyua, naye akashika mizizi akaanza kupanda.